Jina Moja, Mstari Mmoja

Jumanne, 2 Septemba

Matokeo ya utafutaji mmoja tu, mia tatu na kumi na mawili! Nimeyahesabu mwenyewe, baada ya Mwalimu wa Nukta kuingia ofisini kwangu bila hodi, kugonga mguu wa meza kwa fimbo ili ahakikishe ni kwangu, na kuuliza kiti kiko wapi. Akishauliza kiti, ujue hatoki leo.

Mkuu aliniuliza mbele ya walimu wote shida ni nini, nikababaika. Ngoja nijaribu hapa ambapo hakuna anayenitazama. Shule yetu ni ya wasioona. Kompyuta zote ni za Linux. Programu hazichukui moja kwa moja kwenye intaneti, zinachukua kwenye seva yangu, na seva yangu inabeba nakala ya maghala matano: ghala kubwa la wenye mfumo, la majaribio, la jumuiya, letu wenyewe, na kijighala cha Mzee Jedwali — mstaafu mmoja wa mbali ambaye sijawahi kumwona, tunajuana kwa barua pepe tu. Mtu akitafuta programu, maghala yote matano yanajibu kwa mpigo, na majibu yanamwagwa kama yalivyokuja. Programu ileile mara tano, mara saba. Toleo jipya, toleo la mwaka juzi, vipande vipande.

Mwenye macho anapitisha jicho, basi. Mwalimu anasomewa na kompyuta kwa sauti, mstari kwa mstari. Anasema alianza kusikiliza, akachemsha maji, akanywa chai, akaosha kikombe — sauti bado haijafika nusu.

"Nipe jina moja, mstari mmoja," kasema. "Ile iliyo bora."

Iliyo bora! Bora kwa nani? Nikamwambia nitaona.

Alhamisi, 4 Septemba

Inanishinda. Nikipanga kwa alfabeti, bado ni mia tatu. Nikipanga kwa ghala, mtu lazima ajue kitu kiko ghala gani kabla ya kukitafuta — sasa anatafuta nini? Nimeandika, nimefuta, nimeandika, nimefuta. Saa sita mchana nilikuwa palepale nilipokuwa saa mbili asubuhi.

Nyumbani nikamkuta Shem na kitabu mapajani. Mdogo wa mume wangu huyu. Alikuwa fundi wa vigae, presha ya macho ikamla taratibu mpaka ikammaliza, sasa mwaka wa tatu. Ana miaka thelathini na minne na yuko hapo shuleni kwetu, darasa moja na watoto wa miaka kumi na saba. Mtihani wa mwisho ni tarehe 29. Chuo cha tiba ya viungo hakichukui mtu aliyetimiza thelathini na mitano, naye anatimiza Januari. Kwa hiyo ni mtihani huu au basi.

Na ni mimi niliyemlazimisha. Yeye alitaka kukaa tu na redio yake. Saruji ilikuwa imeshamuua vidole, ngozi ngumu, havisikii nukta nundu, maandishi ya wasioona, hata uvipake nini. Mwalimu alivijaribu kimoja kimoja, mwezi mzima, vikikataa vyote, mpaka akafika cha pete cha mkono wa kushoto. Hicho ndicho kinachosoma. Polepole, lakini kinasoma.

"Leo Fundi umekunja uso," akaniambia. Umeuonaje, nikamuuliza. "Pochi umeitupa mezani." Nikamweleza. Akacheka. Eti jambo dogo hilo! Dukani vigae vya aina moja wanavirundika pamoja, mteja anaonyeshwa cha juu tu, mambo kwisha. Halafu akaendelea kusimulia kuhusu vigae vya chini, kwamba havitupwi, kuna sababu zake, mimi nikawa nimeshafungua kompyuta. Sikumsikiliza.

Cha juu tu! Kwa nini sikufikiria?

Jumatatu, 8 Septemba

Imekubali! Jina moja, mstari mmoja. Zote zenye jina moja zinarundikwa, na ya juu ni yenye toleo jipya kuliko zote. Nyingine zipo, lakini hazionekani. Kutoka 312 mpaka 41.

Mwalimu amesikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya fimbo. Dakika mbili. Kisha akasema, kwa uzito kabisa: "Leo chai yangu haijapoa." Kutoka kwake hiyo ni nishani. Nimetembea kurudi ofisini nikijisikia mrefu.

Shem anadai haki yake, wazo ni lake. Nimemwambia wazo lake, jasho langu. "Jasho gani, wewe unakaa kwenye kiti siku nzima!"

Ijumaa, 12 Septemba

Mkuu: diski ya seva imejaa, na yeye anataka nafasi ya kuweka sauti za masomo za mwaka mzima. Leo. Si kesho, leo. Akiwa na haraka yule mtu anasimama mlangoni na kutikisa funguo mpaka umalize sentensi.

Kumbe dawa ninayo mkononi. Orodha yangu imeshachagua iliyo juu. Zilizo chini ya rundo hakuna anayeziona, hakuna anayezitaka. Nikaandika mstari mmoja tu: kisichoonekana kwenye orodha, kifutwe. Dakika ishirini, nusu ya diski ikawa wazi! Mkuu akaacha kutikisa funguo.

Nimetoka mapema. Nimepika mayai, tumekula mimi na Shem, amenisomea ukurasa mzima bila kukwama. Kidole cha pete kinakwenda kwenye mstari, mdomo unakifuata nyuma kidogo. Nimeona raha.

Jumatatu, 15 Septemba

Mungu wangu.

Leo tulijaribu printa ya nukta nundu kwa ajili ya mtihani. Karatasi za mtihani zinakuja kwenye faili lililofungwa, zinafunguliwa asubuhi hiyohiyo mbele ya msimamizi, na shule ndiyo inazichapa. Watahiniwa tisa. Tumefanya hivyo miaka minne, hakuna tatizo. Nikachapa ukurasa wa majaribio, nikampa Mwalimu.

Akaweka vidole. Akacheka. "Umeniletea nini, Kichina?" Akarudi mwanzo. Akaacha kucheka. Akashuka mstari wa pili, wa tatu, kwa haraka, akaugeuza ukurasa akidhani uko juu chini.

"Vifupisho vyetu viko wapi?"

Maana nukta nundu ya Kiswahili ina vifupisho vyake. Silabi nzima, hata neno zima, kwa alama moja, ndipo kitabu kibebeke na msomaji amalize. Programu ya kugeuza maandishi kuwa nukta inasoma jedwali la vifupisho hivyo, na jedwali hilo ni la Mzee Jedwali. Kalitunza zaidi ya miaka kumi, mistari elfu moja na mia nne. Liko kwenye toleo 2.4, ghalani kwake. Ghala la jumuiya lina 3.0, ambalo ni jipya. Na halina jedwali la Kiswahili. Linaweka vifupisho vya lugha nyingine juu ya maneno yetu.

Orodha yangu iliweka 3.0 juu. 2.4 likawa chini ya rundo. Ijumaa nikafuta vyote vya chini. Jumamosi kompyuta zote zikajisasisha zenyewe, kama nilivyozifundisha, na ile ya chumba cha kuchapia, ambayo siku zote ilichukua kwa Mzee tu, haikukuta kitu kwa Mzee. Ikachukua kilichopo.

Sikumwambia Mwalimu hayo yote. Nilimwambia nitaangalia. Nilikuwa nimeukunjakunja ule ukurasa mkononi, afadhali haoni — kisha nikaona aibu kwa kufikiri hivyo.

Jumanne, 16 Septemba

Nimetafuta 2.4 kwa kutumia utafutaji wangu mwenyewe. Ukanijibu mstari mmoja, safi kabisa: 3.0. Nikabadilisha maneno. 3.0. Nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe, na kwa unadhifu!

Nikauvunja mpangilio wote, nikaruhusu majibu yamwagike kama zamani. Nimesoma mstari kwa mstari. Na 2.4 lipo! Mstari wa 207. Jina, tarehe, ukubwa. Nimebofya: faili halipo. Jina limebaki kwenye daftari la ghala, mwenyewe nimeshamfuta.

Ghala la Mzee huko liliko haliitiki. Nimelipigia kila baada ya dakika kumi. Kimya. Nimemwandikia barua pepe.

Nakala ya akiba? Diski ya akiba inanakili seva kila Jumapili, juu ya ile ya wiki iliyotangulia. Jumapili ilinakili pengo.

Jumatano, 17 Septemba

Nilikumbuka shule ile nyingine ya wasioona! Nao wanatumia programu ileile. Nikampigia fundi wao, kijana mchangamfu sana. Anasema usijali dada, ngoja nitazame. Nikasubiri na simu sikioni. Akarudi: hana. Ajabu, anasema, wiki iliyopita lilikuwepo. Nikamuuliza, wao huwa wanachota kutoka wapi? Kutoka kwako, dada. Kila Ijumaa jioni. Ukiongeza tunaongeza, ukifuta tunafuta.

Akanishukuru kwa kazi nzuri ninayowafanyia.

Nikaenda kumwambia Mkuu ukweli wote, nimesimama, bila kukaa. Hakupiga kelele. Heri angepiga. Akapiga simu ofisi ya mitihani, nikasikia upande wake tu: ndiyo, naelewa, ndiyo, tulithibitisha, ndiyo. Akakata. Kituo, yaani shule yetu, kilithibitisha mwezi wa sita kwamba mashine iko tayari, tarehe haisogei, uchapaji ni wa kituo.

Ijumaa, 19 Septemba

Jibu limekuja, lakini si la Mzee. Ni la binti yake. Baba alipata kiharusi Julai. Yuko nyumbani, anakula, anakaa uani, hatambui watu vizuri. Kompyuta yake, ndiyo yenye ghala, waliizima kwa sababu ya kelele ya feni. Wameiwasha kwa ajili yangu — kwa ajili yangu! — inataka nywila. Wamejaribu jina la mama, jina la kila mtoto, tarehe za kuzaliwa. Wamemuuliza. Anatabasamu.

Anasema hakujua kama kazi ya baba ina watu. Walidhani ni kitu cha kujishughulisha tu baada ya kustaafu. Anauliza: ni wengi wanaoitumia?

Nimekaa na swali hilo mpaka kengele ya mchana. Kisha nimemjibu kwamba ni wengi.

Jumamosi, 20 Septemba

Mume wangu kapiga simu kutoka huko kwenye barabara wanayojenga. Nimemwambia. Nikasikia magari upande wake. "Umemwambia mdogo wangu?" Sijamwambia. "Mwambie." Namwambiaje? "Kwa mdomo." Ni rahisi kusema hivyo ukiwa mbali.

Shem alikuwa sebuleni ananoa kidole. Ndivyo anavyosema. Analoweka kile cha pete kwenye bakuli la maji ya vuguvugu, anakikausha, anakipaka mafuta, kidogo tu, hataki kiteleze. Anakitunza hicho kidole! Hakimenyi kitu, hakigusi jiko. Ananiuliza kama printa yetu ina nukta kali au zilizolala. Kali, nikasema. "Basi nimepita," akasema. "Wewe nichapie tu, mengine niachie."

Nikaenda kufua nguo zilizokuwa zimeshafuliwa.

Jumatatu, 22 Septemba

Mwalimu kasema tulitengeneze jedwali wenyewe. Yeye na mimi. Siku sita.

Asubuhi nilidhani tumeokoka. Vifupisho anavijua vyote, ananitajia, naandika, mia na tisini mpaka saa tano. Nikachapa ukurasa. Kasoro sitini na moja.

Kumbe alama si kazi. Kazi ni wapi kifupisho kinaruhusiwa na wapi hakiruhusiwi. Mwanzo wa neno kinakaa, katikati kinaharibu, isipokuwa neno hili na lile na lile. Ndiyo ile mistari elfu moja na mia nne ya Mzee — isipokuwa, isipokuwa, isipokuwa. "Niorodheshee basi," nikamwambia Mwalimu. Hawezi. "Siyajui kichwani, mwanangu. Nayajua vidoleni. Niletee neno, nikiligusa nitajua kama limekosewa."

Kwa hiyo ndivyo tunavyofanya. Nachapa, anagusa, anasema hapa, narekebisha, nachapa.

Jumanne, 23 Septemba

61 jana. Leo 23. Vidole vya Mwalimu vimekuwa vyekundu.

Jumatano, 24 Septemba

Tisa!

Mwalimu kasema tukifika mbili atanunua soda.

Alhamisi, 25 Septemba

Asubuhi kasoro nne. Nikarekebisha moja kati ya hizo nne, nikachapa ukurasa wa kitabu kingine. Saba. Nimerekebisha neno moja, nimeharibu matatu nisiyoyajua. Nikirudisha, lile la kwanza linaharibika. Nimefunika uso kwa mikono pale pale mbele yake.

Akasikia kiti. Akaniuliza kama nalia. Hapana, nikasema, huku nalia. Akatafuta bega langu, akalikosa, akagusa kompyuta, akaipigapiga ile kompyuta kwa upole mara tatu. Nikacheka na kulia kwa pamoja. Mzee wa watu.

Nimemkumbuka Shem na vigae. Juzi nilimuuliza ile sababu ilikuwa nini, ya vya chini kutotupwa. Kwa sababu kiwanda hakirudii, alisema. Kigae kimoja kikipasuka ukutani baada ya miaka miwili, hupati rangi ile tena duniani, ila kwenye masalia. Alisema vilevile kwamba siku ile alikuwa ameshaniambia.

Ijumaa, 26 Septemba

Kikao kwa Mkuu. Watu watatu, mlango umefungwa, funguo mezani.

Kuna njia nyingine, na Mwalimu ndiye aliyeitaja. Tuache vifupisho kabisa. Tuchape herufi kwa herufi, kila neno kwa urefu wake. Hilo hata 3.0 linaweza, na haliwezi kukosea. Kanuni zinaruhusu kituo kikipata dharura. Karatasi ya kurasa ishirini itakuwa thelathini na kitu, muda ni uleule. Watoto wanane watalalamika, vidole vyao vyepesi, watamaliza.

Hakumtaja wa tisa. Hakuna aliyemtaja. Wote tunajua kasi ya kidole kimoja cha saruji. Kwa vifupisho, Shem humaliza ikiwa imebaki dakika tano, nne. Kurasa kumi zaidi! Hafiki hata nusu ya sehemu ya mwisho.

Mkuu akanigeukia. Hamuulizi Mwalimu, ananiuliza mimi, mimi ndiye fundi: jedwali letu limeiva au halijaiva?

Jana nne, kisha saba. Leo asubuhi tatu. Tatu kwa ukurasa wa kitabu tunachokijua. Karatasi ya mtihani hakuna anayeijua.

Nikasema limeiva.

Mwalimu alikuwa amekaa mkabala nami, vidole vimekunjwa. Mkuu akaandika. Tukatoka, na kwenye korido Mwalimu akasimama, akaniambia: "Una hakika?" Nikasema ndiyo. Akasema, haya mwanangu, akaenda zake, fimbo inagusa ukuta mpaka mwisho wa korido.

Jumapili, 28 Septemba

Nilikwenda shule tangu asubuhi peke yangu. Nimechapa kurasa kumi, lakini mimi siwezi kuzisoma kwa kidole, nazitazama kwa macho na chati pembeni, neno kwa neno. Kurasa mbili zimenila saa tatu nzima. Sikuona kosa. Hiyo haimaanishi kwamba hakuna.

Ningeweza kumpigia Mkuu. Mpaka sasa hivi, saa kumi jioni, bado ningeweza. Niseme: tuchape herufi nzima. Namba yake iko hapa. Watoto wanane wa watu wengine, wana mama zao, kuna mama mmoja anamleta binti yake kila Jumatatu kwa miguu na kumsubiri getini mpaka asikie anacheka na wenzake. Najua haya yote.

Na Shem anaimba bafuni.

Nilimkalisha chini baada ya chakula. Nikasema Shem, kuna jambo. Akasema anajua. "Unaogopa kuliko mimi," akasema. "Fundi, mimi nisipopita si kosa lako. Ulinitoa kwenye kiti, yatosha." Akatafuta mkono wangu, akaupata mara moja. Nikashindwa. Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni nikaimeza. Nikamwambia apumzike.

Simu bado iko hapa mezani. Sijapiga.

Jumatatu, 29 Septemba

Naandika nikiwa kwenye benchi, koridoni, nje ya ukumbi wa mtihani. Fundi anatakiwa awe karibu na mashine. Dirisha liko wazi kidogo.

Msimamizi alifika saa moja na nusu, mama mrefu, mkali, anatazama saa yake kila baada ya sentensi. Akafungua faili, nikalituma. Printa ikaguguna kurasa ishirini mara tisa. Mimi siruhusiwi kusoma, Mwalimu haruhusiwi kugusa. Alisimama mlangoni mwa chumba cha kuchapia, mikono nyuma, anasikiliza mashine. Eti alitaka kujua kwa sauti. Nikamuuliza anasikiaje. Akasema inasikika kama inachapa.

Wameingia saa tatu kamili. Shem alipita karibu yangu, amejipaka mafuta, shati limenyooka. Akasema, "Fundi, harufu ya kahawa hiyo, acha kunywa, utazimia." Akainua kile kidole juu kama bendera. Yule binti wa mama wa getini akacheka.

Saa tatu na dakika kumi. Wote wanasoma. Nasikia karatasi tu. Mungu, nasikia karatasi tu. Wameugeuza wa kwanza, mmoja, wawili, wale wepesi. Labda limeiva. Labda kweli.

Saa tatu na dakika kumi na nne. Yule binti amesimama. Yaani vidole vyake. Ukurasa wa pili, karibu na chini. Amerudi mwanzo wa mstari. Amepita. Amerudi.

Kijana wa nyuma yake pia. Chini ya ukurasa wa pili.

Sasa watatu. Wanne. Mahali palepale. Hawaonani, hawajui wenzao wamefanya nini, kila mmoja anadhani ni kidole chake. Mmoja anakipangusa kwenye suruali. Binti ameinua mkono. Msimamizi amemwendea, ameinama, ametikisa kichwa — maelezo ya swali hayatolewi. Binti amerudisha mkono kwenye karatasi. Shingo yake imeshuka.

Wanane. Wanane wote wamesimama pale.

Mwalimu amekuja kukaa kwenye benchi. Ananiuliza kukoje. Ameuliza tena, taratibu: mwanangu, kukoje huko ndani.

Shem bado yuko ukurasa wa kwanza. Amebakiza mistari sita. Kidole cha pete kinakwenda vizuri, hakijakwama hata mara moja, mdomo unakifuata nyuma kidogo, na anatabasamu, naona kabisa anatabasamu. Mistari minne. Hajui kuna nini mbele. Nikigonga dirisha wanamtoa. Mistari miwili.

Amegeuza ukurasa.